Shingo Isiyovunjika

Gari letu lilipogongwa hatukujua kwamba tumeumia. Naanza na hilo kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nalo.

Ilikuwa katika miaka ya sabini, nami nilikuwa sijamaliza mwaka tangu niolewe. Nilikuwa nimetoka kwetu Kitui nikaletwa kuolewa upande wa Kasikeu, katika boma la watu wa kanisa. Mume wangu alifanya kazi ya reli na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote niliishi na mama mkwe, ambaye alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani na mtu ambaye hata wazee wa kanisa walimwogopa kidogo.

Jumamosi hiyo kwaya yetu ilikuwa inarudi kutoka mkutano wa nyimbo, ndani ya pikapu ya muumini mmoja mwenye duka. Mama mkwe alikaa mbele kwa sababu ya cheo chake. Mimi niliwekwa kati yake na dereva, ili nimshikie mkoba na Biblia. Wengine walikuwa nyuma, juu ya mbao, wakiimba tangu tulipoondoka. Tulipofika Malili, mama mkwe akasema tusimame anunue nyanya. Dereva akaegesha kando ya barabara kuu, akina mama wauzaji wakaja mbio na karai zao. Mama mkwe alikuwa anabishana na mmoja wao kupitia dirishani, akimwambia nyanya zake ni laini kama mashavu ya mtoto mchanga, na yule anajibu, "Basi nunua mawe, mama, hayapondeki," wakati lori lilipotugonga kwa nyuma.

Halikutugonga kwa nguvu sana. Dereva wa lori alikuwa amekwisha kupunguza mwendo, breki zikamkataa mwishoni. Lakini viti vya magari ya wakati ule viliishia mabegani, nyuma ya kichwa hapakuwa na kitu. Kichwa changu kilitupwa nyuma kama mtu aliyevutwa nywele, kisha kikarushwa mbele mpaka kidevu kikagonga kifua. Nilisikia sauti ndogo ndani ya shingo, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa. Nikaona nyanya zinabiringika barabarani. Basi.

Tulishuka tukajikagua. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na mkono uliopinda wala jino lililong'oka. Mlango wa nyuma wa pikapu ulikuwa umekunjika, na dereva wa lori alikuwa amepiga magoti akiomba asiitiwe polisi. Watu wa madukani walitoka kututazama, wakavunjika moyo kidogo kwa kukosa maiti. Mzee mmoja akasema, "Nyinyi mna Mungu." Mama mkwe akamjibu, "Umesema kweli, baba," akaanzisha wimbo pale pale, kando ya barabara. Tukaimba wote.

Kesho yake, Jumapili, mama mkwe alisimama kanisani kutoa ushuhuda kwa niaba yetu sote. Alikuwa msemaji mzuri, hilo simnyimi. Alieleza lori lilivyokuja kama nyumba inayotembea, alivyoona mauti kwa macho yake, na mkono wa Bwana ulivyoingia katikati. "Tulikuwa gari zima," alisema, "na hakuna aliyeumia. Hakuna! Hata mkwaruzo. Kilichopasuka ni nyanya peke yake!" Kanisa likacheka na kupiga makofi. Pasta akatuita mbele wanakwaya wote, tukasimama tumepangwa kama mitungi kwenye rafu, naye akasema, "Watazameni hawa. Mtu akiwauliza kama Mungu yuko, mwonyesheni hawa."

Nilikuwa na ugumu kidogo shingoni asubuhi hiyo. Nilidhani nimelala vibaya.

Jumatatu nilipoamka sikuweza kuinua kichwa kutoka kitandani. Sisemi kwamba kiliuma nilipokiinua, nasema hakikuinuka. Ilinibidi nikishike kwa mikono miwili, kama mtu anavyonyanyua boga, nikiweke juu ya mabega yangu mwenyewe. Maumivu yalianzia chini ya fuvu, yakateremka hadi kati ya mabega, na mkono wa kulia ulikuwa unawasha hadi vidoleni. Nilipotaka kutazama pembeni nililazimika kugeuka mwili mzima. Nilimwambia mama mkwe. Alikuwa anapepeta pojo.

"Shingo?" akasema bila kuacha kupepeta. "Lakini jana ulisimama mbele ya kanisa."

"Jana haikuwa hivi, Mama."

"Basi si ajali. Ajali ilikuwa juzi."

Leo najua kwamba shingo iliyorushwa namna ile huweza kungoja siku moja au mbili kabla ya kudai haki yake, kwa sababu mishipa na nyama huvimba polepole. Wakati ule hakuna aliyejua, na mimi mwenyewe nilitaka kuamini ni baridi.

Ni lazima nieleze kuhusu maji, maana asiyetoka kwetu anaweza kufikiri shingo ni ya kugeuzia kichwa tu. Mwanamke wa Kikamba hubeba kwa shingo. Mtungi, au mzigo wa kuni, hukaa mgongoni, na ukanda wa ngozi tunaouita mukwa huuzunguka, ukapanda na kupita juu ya kichwa, karibu na utosi. Mtu huinama mbele na kutembea, na uzito wote unaning'inia kwenye fuvu. Wanawake wazee wana bonde kichwani pale mukwa ulipopita miaka yote. Mukwa hauchoshi mikono, na mtu anaweza kusuka kikapu cha kyondo huku anatembea. Lakini unataka shingo nzima.

Mto wetu ulikuwa wa mchanga. Wakati wa kiangazi tulichimba mashimo, tukaingia na kuchota kwa kata. Nilikwenda Jumatatu ile ile. Nilipoinama kutia kata shimoni niliona giza, na nilipovaa mukwa na kusimama nililia kwa sauti mbele ya wanawake wengine. Mmoja wao akasema, "Huyu wa Kitui amefanya nini? Si kwenu mnatafuta maji mpaka jua linachoka? Hapa mto uko mlangoni na unalia?" Wakacheka, si kwa ubaya. Nikabeba nusu mtungi. Nilipofika nyumbani mama mkwe aliutikisa, akasikia maji yanavyocheza ndani, akanitazama.

Kwa majuma yaliyofuata nilibeba nusu, na nusu mtungi ikawa jina langu. Niliitwa hivyo mtoni.

Mume wangu aliporudi mwisho wa mwezi, nilimngoja amalize kula ndipo nimweleze. Alisikiliza. Hakuwa mtu mkali. Kisha akasema jambo ambalo lilinifunga mdomo kwa muda mrefu.

"Mama alikuwa ndani ya gari hilo hilo?"

"Ndiyo."

"Kiti hicho hicho?"

"Ndiyo, kando yangu."

"Mama ana umri mara mbili ya wako. Leo alfajiri nilipofika nimemkuta anatoka mtoni na mtungi umejaa. Sasa mimi niseme nini?"

Ilikuwa kweli. Mama mkwe alikuwa akibeba mtungi uliojaa pomoni, alfajiri kabla hatujaamka, na kuni baadaye. Tangu ajali alikuwa kama mtu aliyeongezewa nguvu. Alikuwa ameanza kuvaa leso shingoni, imekunjwa nene, hata kwenye jua kali. Niliiona. Nina tabia ya kuona vitu, hata nikiwa sina cha kufanya navyo. Nilifikiri ni mtindo wa akina mama viongozi.

Mume wangu, nimtendee haki, alinipeleka hospitali. Walinipiga picha ya eksirei. Mhudumu aliyevaa koti jeupe aliishika mbele ya dirisha na kusema, "Hakuna kilichovunjika." Akanipa vidonge na kuniambia nipumzike. Nikamwuliza nipumzike namna gani. Akasema, "Pumzika tu, mama, usifanye kazi nzito," akamwita mgonjwa mwingine.

Nilidhani picha ile itanitetea. Ikawa shahidi wa upande wa pili. Mama mkwe aliwaita akina mama waliokuja kwa mkutano wao nyumbani, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, wakaizunguka.

"Mnaona? Hii ndiyo shingo inayouma."

"Ni ndefu," mmoja akasema.

"Ni shingo ya swala! Hakuna hata ufa. Serikali imetazama ndani na mashini na haikuona kitu. Sasa mimi na macho yangu ya uzee nitaona nini?"

Wakacheka. Nilikuwa jikoni nikiwapikia chai, nikayasikia yote.

Kiangazi hicho hicho akaja mgeni pale misheni. Alikuwa mjomba wa mmishonari mmoja, mzungu mwenye mikono mikubwa na nywele nyeupe, amekuja kumtembelea mpwa wake. Alisema kazi yake kwao ni kairopraktiki, kunyoosha viungo vya uti wa mgongo na shingo kwa mikono, bila dawa na bila kisu. Neno lile lilitushinda, tukamwita Daktari wa Mikono. Alikuwa anakaa barazani anachoka kwa kukosa kazi, akaanza kuwatazama watu waliokuwa na maumivu ya mgongo. Habari zikaenea. Nilikwenda bila ruhusa, nikitokea sokoni.

Alinikalisha kwenye benchi. Pasta alikuwapo, ndiye aliyekuwa akitafsiri, kwa sababu mpwa wa yule mgeni alikuwa zahanati. Watu wengi walikuwa wamejaa uani, wengine wagonjwa na wengine watazamaji. Daktari wa Mikono aliniambia nitazame kushoto, nitazame kulia, niinue kidevu. Aliponigusa chini ya fuvu kwa vidole gumba nilishtuka, kwa kuwa aligusa pale pale penye vifundo, kabla sijamwonyesha. Aliuliza iwapo niliwahi kugongwa kwa nyuma ndani ya gari. Nilipojibu ndiyo alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani yake. Ndiye mtu wa kwanza kuniuliza.

Alinikanda polepole kwa muda mrefu, mabega kwanza, kisha pande za shingo. Mwishowe akashika kichwa changu kwa viganja viwili, akakigeuza kidogo, na kwa ghafla akakisukuma kidogo zaidi. Shingo ikalia, ko! Sauti ile ilisikika uani kote. Watu wakapiga ukelele wa furaha.

Ninawaelewa waliopiga ukelele. Kwetu kuna wanaume wanaorudisha bega la kijana aliyeanguka mtini. Wanavuta, wanavuta, na kila mtu anangoja sauti ile. Bega likilia ko, kazi imekwisha. Kijana anaambiwa anyooshe mkono, na kuku anachinjwa. Hakuna anayemwita mganga wa mifupa mara ya pili. Mfupa uliolia umerudi kwao.

Lakini nilikuwa nimesoma hadi kidato cha pili, na Kiingereza cha yule mzee kilikuwa cha polepole. Alisema sauti ile si kitu, ni kiungo tu kilichofunguka. Alisema nyuzi zinazoshikilia shingo yangu zilivutika siku ile ya ajali, kama kamba iliyovutwa hadi ikalegea, na kwamba zitapona iwapo nitamruhusu aniguse mara nyingi, na iwapo nitaacha kabisa kubeba kitu kwa kichwa mpaka aseme tena. Aliweka kidole pale mukwa ulipokuwa umeanza kuniachia alama. "Hiki," alisema, "hiki kisirudi hapa." Alisema nikiendelea, shingo itakauka ilivyo.

Pasta akageukia watu.

"Anasema shingo ilikuwa imetoka mahali pake," akatangaza, "na sasa imerudi. Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena!"

"Amina!"

Nilimngoja amalizie. Hakumalizia. Nilimtazama, naye alijua kwamba nimesikia, maana alinifuata nilipokuwa natoka getini.

"Dada yangu," akasema kwa sauti ya chini, "yule mzee ni mtu mwema, lakini hajui maisha yetu. Nikisimama mbele ya watu niseme usibebe maji, nani atabeba? Mama mkwe wako? Nitakuwa nimeingia nyumbani kwa watu na kuvunja ndoa."

"Lakini, Pasta, amesema itakauka."

"Omba," akaniambia. "Umepokea uponyaji. Usianze kutazama upepo."

Niliporudi nyumbani habari zilikuwa zimetangulia. Mama mkwe alikuja kunipokea njiani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alinishika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. "Asante, Bwana," alikuwa akisema, "asante, Bwana." Wakati ule nilidhani anashukuru kwa ajili yangu. Kisha akaniambia, "Sasa mtoto wangu, mtungi uko pale." Nilibeba jioni ile ile. Mtungi uliojaa. Wanawake mtoni waliniimbia.

Nilipotaka kurudi kwa Daktari wa Mikono juma lililofuata, mama mkwe alisimama mlangoni.

"Unaenda kutafuta nini?"

"Alisema nirudi, Mama. Kazi haijaisha."

"Watu wote wameona umepona. Pasta ametangaza. Sasa ukionekana tena kwenye lile benchi, watu watasema nini? Kwamba Mungu alifanya kazi nusu akachoka?" Akanishika kidevu, kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma. "Mungu hafanyi kazi nusunusu."

Sikwenda. Ningeweza kwenda, mtu anaweza kusema. Miguu ilikuwa yangu. Asemaye hivyo hajawahi kuwa mke wa mwaka mmoja, mgeni, asiye na mtoto, katika boma la mwenyekiti. Mvua za kwanza ziliponyesha yule mzee aliondoka kurudi kwao. Walisema aliuliza habari za yule mwanamke wa shingo, akaambiwa amepona kabisa. Alifurahi, walisema.

Mvua zilikuja na kwenda, kisha nyingine. Nilipata mtoto, nikambeba mgongoni na mtungi ukangoja zamu yake. Maumivu yale makali yalipungua, na mahali pake pakaja ugumu. Nilikuwa nikiitwa kwa nyuma nageuka kama mlango. Watoto wa jirani walinijulia, wakawa wananiita na kujificha upande wa pili ili wacheke. Uwashaji wa mkono ulihamia kwenye vidole viwili vya mwisho, ukakaa.

Siku moja ya soko, wote wakiwa wameenda, nilibaki na mama mkwe peke yetu. Nilikuwa nachambua maharagwe uani. Akaniita kutoka chumbani kwake. Nilimkuta amekaa kitandani, leso ameivua, amenipa mgongo. Harufu ya mafuta ya mbarika ilikuwa nzito chumbani, mafuta ambayo kwetu hukandiwa viungo.

"Funga mlango," akasema. "Mkono wangu haufiki tena. Nipake hapa."

Alionyesha kwa kidole. Chini ya fuvu, kisha chini hadi kati ya mabega. Alionyesha njia yote, na niliifahamu njia ile kuliko njia ya mtoni.

Nilisimama na chupa ya mafuta mkononi.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu Malili," akasema.

"Jumatatu ile?"

"Jumapili. Wakati nasimama kutoa ushuhuda ilikuwa imeanza. Nilidhani itaisha." Akaikunja leso mapajani. "Nilikuwa nimekwisha kusema hakuna aliyeumia. Nimesema mbele ya watu wote, nimewachekesha na nyanya. Ningerudi Jumapili nyingine niseme nini? Kwamba nilimsingizia Mungu?"

"Na ule mtungi wa alfajiri?"

"Alfajiri hakuna anayenitazama ninavyouinua."

Nilitaka kuuliza swali moja, na nilijua jibu lake halitanisaidia, lakini niliuliza.

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa kijana," akasema. "Nilijua utapona. Na kama ungeachwa ukae, wangeniuliza na mimi." Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeagiza chumvi: "Paka, mafuta yanapoa."

Nilipaka. Watu wamenisifu kwa hilo, wachache niliowasimulia. Wameniambia nilikuwa na moyo wa Kikristo. Hapana. Nilipaka kwa sababu nilitaka kugusa. Nilitaka kujua kwa vidole vyangu. Na nilikuta vile vile vifundo, vigumu kama punje za mahindi, mahali pale pale ambapo Daktari wa Mikono aliviona kwangu. Nilivibonyeza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Hakulia. Alisema, "Hapo, hapo."

"Mama," nikamwambia, "sema Jumapili. Sema tu kwamba tuliumia."

"Niwe wa kwanza kusema Mungu ameshindwa? Katika umri huu? Wewe mwenyewe sema, kama unaweza."

Nikaanza kuuliza wengine. Sikuuliza kwa pupa. Nilimwuliza kila mmoja peke yake, mtoni au shambani, kana kwamba naulizia habari za mtoto. Aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza alikuwa ameacha kwaya, na sote tulidhani ni majivuno ya kuolewa mjini. Akaniambia hawezi kuinua kidevu kufikia noti ya juu. Dereva alisema ana "baridi ya mabega" isiyosikia dawa, na alipomaliza kusema akatazama pembeni kwa mwili mzima, kama mimi. Mwingine alinijibu kwa hasira, "Shetani amekutuma?" akachukua jembe lake akaenda. Huyo pia alikuwa na leso shingoni.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Gari zima tuliumia, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyebaki nje ya mkono wa Bwana, akaficha. Angesimama mmoja wetu wakati yule mzee alikuwa bado barazani, pengine angetuweka wote kwenye lile benchi. Nimelifikiria hilo mara nyingi nikiwa nimeinama chini ya mtungi, ambako mtu hana kitu kingine cha kutazama isipokuwa miguu yake.

Mwisho wa mwezi mume wangu alipokuja, mama mkwe alimwambia anataka punda. Alisema amezeeka, na kwamba mwenyekiti wa akina mama hapaswi kuonekana mtoni kama msichana. Hakusema neno lingine. Mume wangu alifurahi kuombwa jambo analoweza kulifanya. Akamleta punda kutoka upande wa kwetu, Kitui, dume changa la rangi ya majivu. Majirani walikuja kumtazama. "Na huyu naye ameolewa huku?" mmoja akasema, wakanitazama, tukacheka wote, na mimi pia.

Nilikuwa na furaha siku ile. Nitasema ukweli: nililala nikiwaza kwamba mukwa wangu nitaukata nifungie kuku.

Asubuhi nilimletea punda mitungi. Wazee wawili waliokuwa uani na mama mkwe wakanizuia wote kwa mara moja.

"Wewe! Unataka kumwua?" mmoja akasema. Akapitisha kiganja juu ya mgongo wa punda, polepole, kutoka shingoni hadi mkiani, akibonyeza kila mahali. "Huyu bado mdogo. Mgongo haujakomaa. Ukimpakia sasa utalegea, na mgongo ukishalegea hauponi. Utakuwa na punda wa bure maisha yake yote."

"Kweli," akasema wa pili. "Lazima angoje."

"Angoje mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka awe tayari. Mtu hamharakishi mnyama."

Mama mkwe alikuwa amekwisha kumshonea godoro dogo la magunia, la kuwekwa mgongoni siku itakapofika, ili mizigo isimchubue. Alikuwa ameketi nalo mapajani, akilipima kwa kiganja kama ni laini ya kutosha. Hakuinua macho.

"Mpeleke tu mtoni mtupu," yule mzee akaniambia, "ajifunze njia."

Basi nikaenda naye. Nilimfunga kamba, nikashuka naye hadi mchangani, nikaingia shimoni nikachota. Nikavaa mukwa. Tukapanda, mimi nimeinama chini ya mtungi uliojaa, yeye nyuma yangu hana hata jani mgongoni, akisimama hapa na pale kula. Katikati ya mlima tulikutana na mwanamume aliyekuwa anateremka na baiskeli yake. Sijui alikuwa nani, kwa sababu nilimwona miguu tu.

"Mama," akasema, "punda unaye, na maji unabeba mwenyewe?"

"Anajifunza njia," nikamwambia.

Akacheka sana, akapita. Kamba ikanivuta, punda alikuwa amesimama tena. Sikuweza kugeuka kumtazama, kwa hiyo nilisimama hivyo hivyo nikamngoja amalize kula.